Dafrao ya Kijani: Historia ya Vita vya Mabaharia na Uchafu wa Majini

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika neno moja ubaoni: DAFRAO. Nanyi wanafunzi liandikeni madaftarini mwenu.

Watu wa pwani wanalijua neno hili. Kwa ajili ya wenzetu wa bara nitalieleza. Dafrao ni kitu kinachoninginizwa ubavuni mwa chombo ili chombo kisiumie kikigonga gati, au kikigongana na chombo kingine. Zamani dafrao ilikuwa furushi la kamba za usumba zilizosukwa na kukazwa. Siku hizi mara nyingi ni tairi kuukuu la gari, au puto nene la plastiki lililojaa hewa.

Dafrao ikikaa muda mrefu majini hugeuka rangi ikawa ya kijani. Mwenye chombo huisugua kwa sabuni. Uchafu wa juu hutoka, lakini rangi ya kijani hubaki. Tena huisugua, tena hubaki. Mwisho huuliza, "Je, kuna dawa kali zaidi?"

Swali hilo laonekana dogo. Lakini mabaharia wameuliza swali la namna hiyo kwa zaidi ya miaka 2,000, na mataifa makubwa yametumia fedha nyingi sana kulijibu. Majibu mengine yalifaa. Mengine yalileta hasara kubwa kuliko uchafu wenyewe. Leo tutaisoma historia hiyo, kisha tutarudi kwenye dafrao yetu tuisafishe kwa akili.

KIJANI HIKI NI KITU GANI?

Watu wengi hufikiri kwamba kijani hiki ni taka tu, kama vumbi au masizi. Sivyo. Ni viumbe hai. Ni mimea midogo sana, jamaa ya mwani. Mmoja peke yake huwezi kuuona kwa macho. Ikiwa maelfu na maelfu pamoja, ndipo unapoona rangi ya kijani na kuhisi utelezi mkononi.

Mimea hiyo inahitaji vitu vitatu: maji, mwanga wa jua, na mahali pa kushika. Dafrao inavyo vyote. Inaninginia pale pale maji yanapokutana na hewa, mahali penye unyevu na mwanga mchana kutwa. Tena plastiki ikipigwa na jua kwa miaka hupata nyufa ndogo ndogo. Kijani huingia ndani ya nyufa hizo, na ndiyo maana brashi haiwezi kukifikia.

Jambo hili haliko baharini tu. Hata katika maziwa yetu ya maji baridi, kama Viktoria na Tanganyika, mawe na mitumbwi iliyokaa majini huota utelezi wa kijani.

Kwenye dafrao kijani ni aibu tu, kwa kuwa chombo kinaonekana kichafu. Lakini chini ya chombo chenyewe ni hasara. Kwanza huja utelezi, kisha majani, kisha viumbe wenye magamba magumu ambao huganda kwenye mbao. Chombo kilichoota uchafu huo ni kama mtu anayetembea katika majani marefu. Mwenzake aliye katika njia iliyofagiwa humwacha nyuma. Upepo ni ule ule, tanga ni lile lile, lakini safari ya siku nne huwa ya siku sita.

Tena yuko adui mwingine, mbaya kuliko hao. Huyu hutoboa mbao na kukaa ndani yake. Mwili wake ni mrefu kama wa mnyoo, lakini kwa kweli ni jamaa ya chaza na kome. Kwa nje ubao huonekana mzima, kumbe ndani umeliwa kama asali ilivyotolewa kwenye masega. Chombo kama hicho kinaweza kuzama na watu wake. Basi mabaharia wa zamani hawakusafisha vyombo kwa ajili ya uzuri tu. Walikuwa wakiokoa maisha yao.

DAWA ZA WATU WA BAHARI YETU

Watu wa mwambao wetu walikuwa na dawa zao, nazo zimo katika lugha yetu mpaka leo. Andikeni maneno haya matatu: KUPWELEWA, SIFA, DEHENI.

Chombo hupwelewa maji yanapokupwa na kukiacha juu ya mchanga. Nahodha mwerevu hukipwelesha kwa makusudi. Maji yakiisha kutoka, mabaharia hukwangua magamba na majani. Kisha huwasha makuti makavu na kupitisha moto chini ya chombo, haraka haraka, ili wadudu walio katika mbao wafe bila mbao kuungua. Kazi hii inataka ustadi. Moto ukikaa kidogo, mdudu hapati joto la kutosha. Ukizidi, chombo kimekwisha.

Sifa ni mafuta ya papa na ya samaki wengine. Hupakwa kwenye mbao ili zisipasuke. Dawa hiyo ni ya kale. Mwaka 1183 Mwarabu mmoja wa Andalusi, jina lake Ibn Jubayr, alikuwa safarini kwenda kuhiji Makka. Alifika Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu, akaona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi, bila misumari. Aliandika kwamba watu walivipaka samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na kwamba mafuta ya papa ndiyo bora. Sababu yake ilikuwa kulainisha mbao, kwa kuwa bahari ile ina miamba mingi, na ubao laini huvumilia kugongwa.

Deheni ni mchanganyiko wa chokaa na mafuta au shahamu. Hupakwa chini ya chombo baada ya kukwanguliwa na kuchomwa. Ikikauka hufanya ngozi ngumu nyeupe. Mdudu hupata taabu kuipenya, na uchafu ulioota juu yake hukwanguliwa pamoja nayo.

Dawa hizi zina kasoro moja. Hazidumu. Baada ya miezi michache lazima chombo kipwelewe tena, kikwanguliwe tena, kipakwe tena. Ni kazi ya jasho. Lakini sifa na deheni hazikuacha nyuma yake sumu ya kudumu katika maji. Likumbukeni jambo hilo, maana tutalirudia.

SHABA NYEKUNDU

Sasa tutoke bahari yetu, twende Ulaya, kwa kuwa huko ndiko dawa nyingine ilikojaribiwa.

Watu wa bahari ya Mediterania walijaribu mapema kufunika mbao kwa madini. Karibu na mji wa Kyrenia, katika kisiwa cha Kipro, yalionekana mabaki ya jahazi la Kiyunani lililozama zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Chini yake lilivikwa mabamba ya risasi.

Mwaka 1761 jeshi la wanamaji la Uingereza lilijaribu madini mengine. Lilichukua manowari iitwayo Alarm, yenye mizinga 32, likaifunika chini kwa mabamba membamba ya shaba nyekundu. Kisha ikapelekwa bahari za joto za visiwa vya Karibi, mahali ambapo mdudu wa mbao alikuwa mkali sana.

Mwaka 1763 mafundi waliikagua. Mbao zilizokuwa chini ya shaba zilikuwa nzima, na uchafu haukuota juu ya mabamba. Wakafurahi. Lakini walipotazama vizuri waliona balaa. Misumari na vyuma vilivyogusana na shaba vilikuwa vimeliwa na kutu. Palipokuwa na karatasi nzito kati ya shaba na chuma, misumari ilisalimika.

Kwa nini? Shaba na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri ya tochi. Chuma huliwa, shaba husalimika. Wakati ule hakuna aliyeweza kulieleza jambo hilo. Walijua tu kwamba karatasi ilisaidia.

Hata hivyo vita havikungoja. Waingereza walikuwa wakipigana na Marekani, Ufaransa na Hispania. Kuanzia mwaka 1779 manowari zao nyingi zilivikwa shaba kwa haraka. Zikapata mwendo mzuri, na zikaweza kukaa baharini muda mrefu bila kukwanguliwa. Lakini misumari ya chuma ikaendelea kuliwa ndani kwa ndani, mpaka mafundi wakaanza kutumia misumari mikubwa ya mchanganyiko wa shaba badala ya chuma.

SIRI YA SHABA

Wanafunzi, sikilizeni sehemu hii kwa makini, maana ndiyo kiini cha somo letu. Shaba iliuzuiaje uchafu?

Jibu lilipatikana kwa njia ya ajabu. Jeshi la wanamaji lililalamika kwamba mabamba ya shaba yanaisha upesi na ni ya ghali. Mwaka 1824 mtaalamu mkubwa wa kemia, Humphry Davy, alipata njia ya kuyalinda. Alifunga vipande vya zinki au chuma juu ya shaba. Vipande hivyo viliiliwa na maji badala ya shaba. Ni ile ile kazi ya betri, ila sasa imegeuzwa kuwa faida. Shaba ikaacha kuisha. Davy alikuwa amefaulu.

Lakini meli zilipokaa majini, shaba ile iliyolindwa ikaota majani na magamba mengi! Miaka michache baadaye vipande vile viliondolewa.

Mmeelewa? Shaba haikuzuia uchafu kwa sababu ni ngumu au laini. Ilizuia kwa sababu ilikuwa ikiyeyuka polepole, na ile iliyoyeyuka ilikuwa sumu kwa viumbe wadogo. Davy alipoizuia isiyeyuke, aliizuia pia isiue. Basi kila bamba lililoisha lilikuwa limekwenda mahali fulani. Lilikwenda majini.

SUMU ILIYOZIDI

Meli za chuma zilipoenea katika karne ya 19, shaba haikuweza kupigiliwa juu yake, maana ingekula chuma. Mafundi wakatia sumu ndani ya rangi: shaba, zebaki, hata aseniki. Rangi za shaba zinatumika mpaka leo.

Katika miaka ya 1960 na 1970 ilienea rangi mpya yenye sumu inayoitwa tributiltini, iliyotengenezwa kwa madini ya bati. Kwa meli haikuwa na mfano. Meli iliweza kukaa miaka bila kuota uchafu. Wenye meli waliokoa mafuta mengi na fedha nyingi. Hata mashua ndogo za matembezi zilipakwa.

Sasa twende Ufaransa, katika ghuba ya Arcachon, kusini-magharibi ya nchi. Watu wa huko hufuga chaza, kama wakulima wafanyavyo shambani. Kati ya mwaka 1977 na 1981 msiba uliwapata. Chaza walizaa, lakini watoto wao walikufa. Chaza wakubwa magamba yao yakawa manene na mabaya, hata hawakuuzika. Wafugaji walipata hasara kubwa, na mwanzoni hawakujua sababu. Hawakuwa wamebadili kazi yao. Kumbe sumu ilitoka kwenye mashua zilizotia nanga katika ghuba ile ile.

Huko Uingereza nako wataalamu waligundua kwamba konokono wa baharini wa kike walikuwa wakiota viungo vya kiume, nao hawakuweza kuzaa. Sumu iliyoweza kufanya hivyo ilikuwa ndogo ajabu. Gramu 1 katika lita milioni 1,000 za maji ilitosha kuwadhuru. Gramu 1 ni chumvi kidogo tu, ile unayoibana kwa vidole ukatia mchuzini.

Mwanzoni mwa mwaka 1982 Ufaransa ilikataza rangi hiyo kwenye mashua zenye urefu chini ya mita 25. Uingereza ikafuata mwaka 1987. Huko Arcachon watoto wa chaza wakaonekana tena. Tarehe 5 Oktoba 2001 mataifa yalikubaliana mkataba wa kukataza rangi za namna hiyo kwenye meli, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 17 Septemba 2008. Kuanzia mwaka 2023 mkataba huo umekataza pia sumu nyingine ya rangi, iitwayo sibutrini.

Hesabuni wenyewe. Tangu msiba wa Arcachon ulipoanza mwaka 1977 mpaka mkataba ulipoanza kutumika mwaka 2008 ni miaka 31. Ni rahisi kutia sumu majini, lakini kuitoa huchukua muda wa mtoto kuzaliwa, kukua na kuzaa watoto wake.

TURUDI KWENYE DAFRAO

Sasa wewe umesimama ufukweni na dafrao yako ya kijani. Historia imekufundisha nini? Imekufundisha kuuliza maswali mawili kabla ya kushika dawa. La kwanza: kijani hiki ni cha namna gani? La pili: dawa hii ikitoka mkononi mwangu, itakwenda wapi?

Tuanze na la kwanza. Kiko kijani cha mimea, ambacho huteleza kikiwa kibichi. Kiko pia kijani cha kutu ya shaba, ambacho hutiririka kutoka kwenye vyuma vya shaba vya chombo. Hiki hakitelezi, nacho hukaa kwa michirizi. Dawa ya kimoja haifai kwa kingine.

Kijani cha mimea kisafishe hivi. Vua dafrao, uipeleke nchi kavu. Ianike juani siku mbili au tatu, ukiigeuza. Mimea ikikauka hufa na kulegea. Isugue kwa brashi ya nyuzi ngumu, maji baridi yasiyo na chumvi, na sabuni. Usitumie brashi ya waya wala msasa mkali, maana utaongeza mikwaruzo, na kijani kitapata mahali zaidi pa kushika. Usitumie petroli wala tina ya rangi. Hizo hulainisha plastiki na kuiharibu.

Rangi ikibaki bado, tumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Tia sehemu 1 ya dawa katika sehemu 10 za maji. Vaa glavu. Paka, ngoja dakika 10, sugua, kisha suuza vizuri. Fanya kazi hiyo mahali penye hewa, mbali na kisima na mbali na maji ya bahari. Nasema tena kwa mkazo: klorini usiichanganye kamwe na siki, ndimu, wala dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayoweza kumwua mtu.

Kijani cha shaba hakiondolewi na klorini. Hicho kisugue kwa ndimu na chumvi, au kwa siki, kisha suuza. Kama ulikwisha kupaka klorini, suuza kabisa kwa maji mengi na uache dafrao ikauke kabla ya kugusa ndimu.

Halafu kizuie kisirudi. Ukitweka tanga, pandisha dafrao zako ndani ya chombo, zisiburuzwe majini. Zikiwa hazina kazi zianike. Jua ni dawa isiyouzwa dukani, nalo halimdhuru chaza.

Sasa swali la pili, itakwenda wapi? Fukwe tunazopweleshea vyombo ndizo fukwe wanakookota kome na chaza. Huko Unguja, tangu mwaka 1989, watu wengi, hasa wanawake, wamelima mwani wa kuuza katika maji mafupi yanayokupwa na kujaa. Mwani huo ni jamaa ya kile kijani unachokichukia kwenye dafrao. Dawa inayoua kimoja bila kuchagua haitauliza kingine ni cha nani. Ukimwaga ndoo ya sumu hapa, mkondo utaipeleka kwenye shamba la jirani yako.

Wazee waliopwelesha vyombo vyao hawakujua kemia. Lakini walilipa gharama ya usafi wao wenyewe, kwa jasho lao. Rangi ya sumu iliwapunguzia wenye meli jasho, na gharama ikalipwa na mfugaji wa chaza ambaye hakuwa na meli. Hapo ndipo ilipo tofauti, nami nataka mwende nayo nyumbani.

MASWALI YA DARASA

1. Taja vitu vitatu vinavyohitajiwa na mimea ya kijani ili iote.
2. Deheni ni nini, nayo ilipakwa wapi?
3. Kwa nini misumari ya manowari Alarm ililiwa na kutu?
4. Shaba iliyolindwa na Davy iliota uchafu. Eleza sababu yake.
5. Andika sentensi tano juu ya kazi moja unayofanya inayotumia dawa kali, kama vile kunyunyiza shamba au kuosha choo. Eleza dawa hiyo huenda wapi baada ya kazi.

Someni majibu yenu kwa sauti mbele ya wenzenu, na mwalimu atayasahihisha.